Kagua meno nyumbani: jinsi ya kuuona uozo kabla jino halijatoboka

Uozo wa jino hauanzi na shimo jeusi. Unaanza na doa jeupe lililofubaa, mara nyingi dogo tu, mahali ambapo mswaki haupiti vizuri. Wengi tukijiangalia kwenye kioo tunatafuta weusi na tundu, kwa hiyo doa hilo hukaa miezi, pengine miaka, bila kushtukiwa. Maumivu nayo si ya kutegemea. Tabaka gumu la nje, yaani enameli, halina mishipa ya fahamu. Linaweza kuliwa lote sehemu moja na mwenye jino asihisi kitu. Jino linapoanza kukesha likiuma, uozo kwa kawaida umeshafika karibu na kiini, na mazungumzo yaliyobaki ni ya kutibu mzizi au kung'oa.

Doa jeupe ambalo uso wake haujavunjika halihitaji kuchongwa wala kuzibwa. Linaweza kusimamishwa, na mara nyingine kurudishiwa sehemu ya madini yake. Ndiyo sababu ya kujifunza kulitafuta.

Kwa nini doa ni jeupe, na kwa nini hujificha

Bakteria walio kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikishusha pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) juu ya jino chini ya takriban 5.5, kalsiamu na fosfati huanza kutoka kwenye enameli. Mate hupunguza makali ya asidi hiyo kwa muda wa kama nusu saa hadi saa moja, na sehemu ya madini hurudi. Anayekunywa chai ya sukari akamaliza huyapa mate nafasi ya kufanya kazi yake. Anayeonja soda fundo moja moja mchana kutwa hayapi.

Madini hutoka zaidi chini ya uso kuliko usoni penyewe, yakiacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo vikijaa mate, mwanga hupita karibu kama kawaida na jino linaonekana zima. Vikikauka na kuingia hewa, mwanga hutawanyika na doa linajitokeza. Karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta hupitisha mwanga, iliyo kavu haipitishi. Ni jambo lilelile. Kwa hiyo ukaguzi wote unasimama juu ya mambo matatu: jino liwe safi, liwe kavu, na limulikwe vizuri. Ukiruka moja, hasa kukausha, utaona meno mazuri tu.

Vifaa

Tochi ya simu, kioo cha ukutani, mswaki, uzi wa meno, na vipande vya gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, au kitambaa safi cha pamba. Kioo kidogo cha duara chenye mpini, kama kile cha daktari wa meno, kinasaidia sana kwa magego. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya tiba. Kikipata ukungu, kichovye kwenye maji ya moto kiasi au kipake mate ya ndani ya shavu.

Pini, sindano na ncha ya kijiti viache mbali. Uso uliofunika doa jeupe ni mwembamba, na ukichokonoa unauvunja, unatengeneza tundu pale ambapo hapakuwa na tundu. Hata madaktari wengi siku hizi wameacha kuchomeka ndoano yenye ncha kali ili kuona kama "inanasa". Hutumia kipimio chenye kijitufe cha milimita 0.5 mwishoni, na hukipitisha juu juu tu.

Hatua za ukaguzi kwa mtu mzima na mtoto mkubwa

1. Piga mswaki kwa utulivu, kisha pitisha uzi katikati ya kila jino na jirani yake. Kabla hujasafisha, tazama ukoga umelala wapi. Hapo ndipo pa kupachunguza kwanza baadaye. Sehemu ambayo ufizi unatoka damu kila mara ukipigwa mswaki nayo iweke akilini.

2. Sukutua kwa maji, teme. Kaa mahali penye mwanga wa dirisha ukiweza.

3. Gawa kinywa sehemu sita: juu kulia, juu mbele, juu kushoto, na chini vivyo hivyo. Maliza sehemu moja kabla ya kwenda nyingine. Anayeangalia kinywa kizima kwa mpigo haoni kitu.

4. Vuta mdomo au shavu kwa kidole, pangusa meno ya sehemu hiyo kwa gozi, kisha acha mdomo umevutwa hivyo kwa nusu dakika ili hewa imalizie kukausha. Kliniki wana bomba la hewa na sekunde tano zinawatosha. Nyumbani inabidi kusubiri. Magego ya chini hulowa upesi, hivyo weka kipande cha gozi kati ya shavu na jino na kingine upande wa ulimi.

5. Mulika kutoka pembeni, usielekeze tochi moja kwa moja kwenye jino. Kisha sogeza tochi taratibu. Mng'ao wa mwanga juu ya jino huhama tochi inapohama, doa halihami. Kosa la kuona mng'ao na kudhani ni doa ni la kawaida kuliko yote, hasa kwenye picha za simu.

6. Kagua kila jino pande zake: ukingo wa ufizi, uso wa kutafunia, upande wa ulimi, na pale linapogusana na jirani. Kwenye magego tazama mifereji na vijishimo. Jino lenye kiziba cha zamani, zunguka ukingo wake wote; mpasuko au mstari wa kijivu pembeni mwa kiziba ni wa kuonyesha daktari.

7. Piga picha ya chochote kinachokutia shaka, ukiwa umelikausha jino, na uandike tarehe na jino lenyewe. Picha ya pili miezi mitatu baadaye itakuambia zaidi ya kumbukumbu yako.

Mtoto mdogo

Ukaguzi wa mtoto huanza siku jino la kwanza linapotokeza, kwa kawaida karibu miezi sita. Ukaguzi wa mara moja kwa mwezi unatosha, nao hauchukui dakika mbili.

Kwa aliye chini ya miaka mitatu, watu wawili wakae wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto apakatwe na mzazi wake wakitazamana, miguu yake ikizunguka kiuno cha mzazi, kisha alazwe chali mpaka kichwa kitue mapajani mwa mtu wa pili. Mzazi anashika mikono, mtu wa pili anakagua. Akilia si neno. Kinywa kinakuwa wazi.

Inua mdomo wa juu mpaka uone ufizi. Pangusa meno manne ya mbele kwa gozi na utafute mstari mweupe uliofubaa unaofuata ukingo wa ufizi. Hapo ndipo uozo wa chupa huanzia kwa mtoto anayelala na maziwa, juisi au uji mtamu mdomoni. Meno ya mbele ya chini mara nyingi husalimika, kwa sababu ulimi huyafunika na mate ya tezi za chini ya ulimi huyaosha. Kwa hiyo anayeangalia ya chini tu, ambayo ndiyo huonekana mtoto akicheka, hudanganyika kabisa. Usisahau upande wa nyuma wa meno ya juu. Hapo kioo kidogo kinafaa. Yakishaota magego ya kwanza ya utotoni, yafuate hayo.

Karibu na umri wa miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya gego la mwisho la utotoni. Halisukumi jino lolote kutoka, kwa hiyo wazazi wengi hawajui kuwa lipo, au wanadhani ni la utotoni na litang'oka. Halitang'oka likabadilishwa na jingine. Linapoota, huwa chini kuliko jirani zake kwa miezi mingi, na mswaki unaopita mbele na nyuma unaruka juu yake bila kuligusa. Mifereji yake huoza katika kipindi hichohicho. Lipige mswaki kutokea pembeni, mpini ukivuka kona ya mdomo, na likague kila mwezi mpaka lifikie kimo cha wenzake. Gego la pili, karibu miaka 12, lina tabia ileile.

Kusoma ulichokiona

Madaktari wana mfumo uitwao ICDAS unaolipa jino namba kuanzia 0, jino zima, hadi 6, shimo lililokula zaidi ya nusu ya uso. Huhitaji kuukariri, ila mantiki yake inakufaa.

Weupe unaoonekana jino likiwa kavu tu, na kupotea likilowa, ni uozo wa mwanzo kabisa. Weupe au ukahawia unaoonekana hata jino likiwa na mate umezama zaidi, ndani ya enameli. Vyote viwili bado ni vya kusimamishwa bila kuchongwa, mradi uso haujavunjika.

Baada ya hapo enameli humeguka kidogo, mpasuko mdogo usioonyesha dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli. Halafu kuna ile ambayo watu wengi huipita: gego linaonekana halina shimo, lakini chini ya enameli kuna kivuli cha kijivu au cha buluu iliyofifia. Hapo uozo umeshaenea kwenye dentini, ambayo ni laini zaidi, na dari tu ndiyo imebaki. Siku moja mtu anatafuna mhindi wa kuchoma, dari inaporomoka, naye anasema jino limetoboka ghafla. Ukiona kivuli cha namna hiyo, usisubiri miezi mitatu. Weka miadi wiki hiyo.

Jambo la pili ni kama doa liko hai au limesimama. Lililo hai limefubaa, liko chini ya ukoga, na ufizi wa jirani hutoka damu. Lililosimama linang'aa, ni laini kulipitia kwa ulimi, na mara nyingi limegeuka kahawia au jeusi. Kwa hiyo doa jeusi gumu linalong'aa kwa mtu mzima linaweza kuwa kovu la zamani, wakati doa jeupe lililofubaa kwenye jino la jirani ndilo lenye hatari. Watu hufanya kinyume: wanakimbilia jeusi na kuliacha jeupe.

Kwa wazee na wenye fizi zilizoshuka, kanuni ya weupe haifai. Mzizi hauna enameli, nao huanza kupoteza madini hata pH ikiwa juu ya 6. Uozo wake ni wa njano au kahawia tangu mwanzo, na hutambaa kuzunguka jino kufuata ufizi. Anayetumia dawa zinazokausha mate, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu na za sonona, au aliyepata mionzi ya kichwa na shingo, ajikague kila mwezi.

Kati ya meno

Hapa nyumbani hufiki mbali, lakini kuna dalili. Uzi unaochanika au kunasa mahali palepale kila siku. Nyama inayoganda katikati ya meno mawili ambayo zamani hayakuwa na shida. Harufu mbaya kwenye uzi uliopita pengo moja tu. Baridi au kitu kitamu kinachochoma sekunde chache upande mmoja.

Kwa meno ya mbele, zima taa, weka tochi ndogo upande wa ulimi na utazame kwa mbele kwenye kioo. Jino zima hupitisha mwanga sawasawa. Penye uozo huonekana kivuli cheusi ubavuni. Kwa magego mbinu hii haiaminiki nyumbani.

Vinavyodanganya

Floridi ya maji ndiyo inayosumbua zaidi Afrika Mashariki. Waliokulia Arusha, Kilimanjaro au maeneo ya Bonde la Ufa kama Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, huwa na meno yenye mistari myeupe au mabaka ya kahawia. Magadi ya kupikia maharage nayo huongeza floridi. Namna ya kutofautisha: mabaka ya floridi hukaa kwa jozi, jino la kulia likiwa sawa na mwenzake wa kushoto, mistari hukata jino kwa upana, na ncha ya jino mara nyingi ni nyeupe. Uozo hufuata ukoga, kwenye ukingo wa ufizi, mifereji na katikati ya meno, na hauheshimu jozi. Ila jino lenye mabaka ya floridi linaweza pia kuoza, kwa hiyo lisiachwe bila kukaguliwa.

Magego ya miaka sita yanayoota tayari na mabaka ya rangi ya krimu au kahawia, yanayomeguka na kuuma yakipigwa mswaki, yana kasoro ya kuundwa kwa enameli. Sukari haikuyaleta, lakini yataoza upesi yasipokingwa. Mpeleke mtoto mapema.

Chai, kahawa, miraa na tumbaku huacha rangi pana isiyo na mpaka, ambayo hutoka meno yakisafishwa kliniki. Dawa ya maji ya madini ya chuma huacha weusi kwenye meno ya watoto. Na kinywa kikikaa wazi muda mrefu meno yote hupauka kidogo. Huo ni ukavu tu, wala si doa.

Ukifika kliniki

Mwambie daktari jino lipi, tangu lini, na umwonyeshe picha. Ukaguzi wa uozo wa mwanzo unaanza na meno kusafishwa na kukaushwa kwa hewa. Ukiona umeangaliwa kwa kijiko na tochi huku meno yana ukoga, omba kwa adabu yasafishwe kwanza.

Kwa uozo wa katikati ya magego, picha inayofaa ni eksirei ndogo ambayo unang'ata kishikio chake, ikionyesha magego ya juu na ya chini kwa pamoja. Picha kubwa ya taya zima haichukui nafasi yake. Meno hupandana na uozo mdogo hupotea. Hata hiyo ndogo huchelewa: jino lazima lipoteze takriban thuluthi ya madini ya sehemu hiyo ndipo kivuli kionekane, na kina halisi huwa kikubwa kuliko picha inavyosema. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha.

Kama kliniki haina eksirei, kuna njia rahisi: daktari huweka kipira kidogo katikati ya magego mawili kwa siku mbili au tatu, meno yanaachana kidogo, naye anaona ubavu kwa macho. Inaudhi kidogo, lakini inaonyesha kitu ambacho picha haisemi: uso umevunjika au bado.

Baadhi ya kliniki zina kalamu ya leza nyekundu, kama DIAGNOdent, inayotoa namba 0 hadi 99. Ni msaada kwenye mifereji ya magego, ila rangi ya chai, ukoga mgumu na viziba huipandisha namba. Jino lisichongwe kwa sababu ya namba peke yake. Ukiambiwa doa lisilo na tundu lichongwe na kuzibwa, uliza: uso umevunjika? uozo umefika dentini? tukilipaka floridi na kulifuatilia, kuna hatari gani?

Ukishalipata doa

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Kwenye kibandiko tafuta kiasi cha floridi cha 1000 hadi 1500 ppm. Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, miaka mitatu hadi sita punje ya njegere. Mtu mzima ajaze nusu ya mswaki. Teme povu, usisukutue kwa maji. Ukisukutua unaimwaga dawa uliyoiweka. Baada ya mswaki wa usiku usile wala kunywa kitu, isipokuwa maji. Mtoto apigiwe mswaki na mkubwa mpaka kama miaka saba au minane, kwa sababu kabla ya hapo mkono wake haufiki nyuma. Wanaoishi penye maji ya floridi nyingi wasiache dawa, ila wahakikishe mtoto hamezi povu.

Ipunguzwe idadi ya mara sukari inapoliwa, hata kabla ya kupunguzwa kiasi chake. Kashata moja pamoja na chai ni heri kuliko pipi nne zilizotawanywa mchana. Chupa ya usiku ibaki na maji.

Kliniki wanaweza kupaka vanishi ya floridi ya asilimia 5 kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na kuziba mifereji ya gego jipya kwa plastiki ya kinga. Penye tundu kwenye jino la utotoni, kuna dawa ya maji ya fedha na floridi ya asilimia 38, iliyoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Husimamisha uozo bila kuchonga na bila sindano, lakini huigeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi moja kwa moja. Kwa jino la mbele mzazi aelezwe kabla, si baada.

Miezi mitatu ikipita, kausha jino lilelile, mulika kwa pembe ileile na ulinganishe picha. Usitegemee weupe utoweke; mara nyingi hubaki. Kinachotafutwa ni mng'ao kurudi na ufizi kuacha kutoka damu. Doa likiwa limepanuka, limekuwa na ukali kwenye ulimi, au picha ya pili inaonyesha ukingo uliomeguka, rudi kliniki na picha zote mbili. Shavu likivimba, ikaja homa, au kumeza na kufungua kinywa kukawa kwa shida, nenda hospitali siku hiyohiyo, na aspirini isiwekwe juu ya ufizi. Huunguza nyama na jino hubaki vilevile.